Kuinama Mbele ya Mbwa

Kila anayemlea mbwa kwa muda huulizwa swali moja, na huulizwa na watu wa kila namna: muuza mboga, mzee wa kanisa, binamu aliyekuja Krismasi. Utawezaje kumtoa ukishamzoea? Wanaouliza wana huruma ya kweli, na wengi huongeza kwamba wao wasingethubutu, moyo ungewauma. Naliheshimu swali hilo, lakini naona limeanzia upande usiofaa. Limemweka mlezi katikati. Mbwa jike niliyeletewa hakuokolewa nyuma ya bucha ili mimi nipate wa kunipenda. Aliletwa kwa sababu kituo cha uokoaji kilikuwa kimejaa, na kwa sababu hakuna familia ambayo ingemkaribisha akiwa katika hali ile. Kati ya bucha na nyumba yake ya kudumu alihitaji mahali pa kupona, na mtu wa kumwonyesha maisha ya nyumbani yalivyo. Hiyo ndiyo kazi, na mwisho wake huwa umekubaliwa kabla mbwa hajashuka garini.

Naishi Ongata Rongai, upande unaotazamana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ng'ambo ya mto Mbagathi. Huku mbwa asiye na kwao ana maadui wa zamu mbili: mchana binadamu, usiku chui. Huyu alikuwa amewaponyoka wote kwa muda ambao daktari wa mifugo, akiyatazama meno, aliukadiria kuwa miaka mitatu hivi. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa kiangazi, sikio moja limechanika, mbavu zinahesabika. Kupe walijaa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Damu ilipopimwa ikaonekana ana erlikia, homa ya kupe inayopunguza chembe za kugandisha damu, akaandikiwa doksisaiklini ya wiki nne. Watoto wa ploti walimwita Simba siku ile ile, jike au dume si hoja, kwa kuwa kwao mbwa wote ni Simba.

Agizo la kwanza nililopewa lilikuwa gumu kulitii: nisimshibishe. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula kwa ghafla, madini ya damuni, hasa fosfeti, huporomoka, na moyo unaweza kusimama. Basi nilimpa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, wali laini na nyama ya kusaga, baadaye ugali na ini. Sikutia kitunguu, maana huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, wala mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha. Alimaliza bakuli kabla sijanyoosha mgongo, kisha akanitazama. Yale macho yalinifundisha kwamba huruma yangu na haja yake ni vitu viwili. Huruma yangu ilitaka kumwaga sufuria nzima ili mimi nipumzike kuiona njaa. Yeye alihitaji saa. Mbwa wa mtaani hula alichokipata pale alipokipata, na kila tonge ni bahati. Hajapata kujua kwamba chakula kinaweza kuwa na wakati wake, kikaja leo, kikaja kesho, bila kupiganiwa. Alipoanza kutulia, si sauti yangu ya upole iliyomtuliza. Aliiamini saa kwanza. Mimi alikuja kuniamini baadaye, kama mtu anayekuja pamoja na saa.

Ukitaka kujua historia ya mbwa wa mtaani wa Afrika Mashariki, inama. Huna haja ya kuokota chochote. Kila aliyekulia kwetu anaijua mbinu hii: mbwa akikusogelea njiani unajifanya unaokota jiwe, naye anatimua mbio. Tuliitumia tukienda shule, na sikumbuki mmoja wetu aliyejiuliza yule mbwa amejifunzia wapi. Nilipoishi na Simba niliuona upande wake. Nikiinama kuokota kibanio cha nguo, anajibana ukutani na kukojoa pale pale. Nikifunga kamba za viatu, hivyo hivyo. Nikishika ufagio tu, anatafuta uvungu. Kila jiwe alilowahi kurushiwa lilikuwa bado limo mwilini mwake, na mengi ya mawe hayo, naamini, yalirushwa na watu wasiokuwa na ukatili wowote moyoni, watu waliotaka tu kupita.

Nikaifanya kuinama kuwa shughuli ya kila siku. Nasimama mbali naye, nimempa ubavu, simkodolei macho. Nainama polepole, naacha kipande cha ini chini, nasimama, naondoka. Simwiti wala simfuati. Nilijifunza kusoma alama ambazo nilikuwa nimezipita maisha yangu yote: mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayelamba pua pasipo chakula, anayegeuza kichwa pembeni hadi weupe wa jicho uonekane. Zote ni namna ya kuomba nafasi, na anayeombwa akikataa, ndipo meno hutoka. Tunasema mbwa fulani aliuma ghafla. Mara nyingi alikuwa amesema mapema, na kwa adabu.

Zilipita siku nyingi bila badiliko lolote, na katika siku hizo nilitambua jinsi tunavyopenda wema unaolipa upesi. Ukimpa mtu msaada unataka uso wake ung'ae. Simba hakuwa na uso wa kung'aa. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa na haki ya kuwapo. Ilikuwa imemweka hai nyuma ya bucha. Kisha asubuhi moja niliinama, naye hakwenda ukutani. Miguu ya nyuma ilikaza tayari kwa mbio, lakini alibaki alipo. Wiki zilizofuata, kuinama kwangu kukawa habari njema. Akikiona kichwa changu kinashuka, anakuja.

Hapa ni patamu, na hapa ndipo walezi wengi hutamani pasiishe. Mbwa anayemwogopa kila mtu, ila wewe anakukimbilia: ni heshima gani kubwa kuliko hiyo? Lakini mbwa hajifunzi mambo kwa jumla kama tunavyofikiri. Ukimfundisha kuketi jikoni, nje ya lango huenda asilijue neno lile lile. Mtoto wa mbwa ana kipindi chake cha kuuzoea ulimwengu kwa urahisi, tangu wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na nne. Aliyekipita akiwa jalalani bado hujifunza, ila hujifunza mtu kwa mtu, mahali kwa mahali. Kujua kwamba mwanamke huyu akiinama hakuna jiwe si kujua kwamba watu wakiinama hakuna jiwe. Kama ningetosheka na kupendwa mimi, ningekuwa nimemtengeneza mbwa anayeweza kuishi uani kwangu tu, halafu nimkabidhi kwa wageni. Nimepata kuona watu wakiwalea hivyo mbwa, na watoto, hata wazazi wao wazee: wanakuwa mlango wa pekee, kisha wanajisifu kwamba hakuna mwingine anayeweza kuufungua. Siwezi kukubali kuuita huo upendo uliokamilika.

Kwa hiyo nikaanza kuwaita watu. Mwendesha boda na helmeti yake kichwani. Kijana wa maziwa. Wasichana wa jirani na mabegi yao ya shule. Zaidi ya wote nilimhitaji msimamizi wa ploti, mzee anayetembea na bakora, kwa sababu bakora ndiyo iliyomtia Simba hofu kuliko vyote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, mimi mbwa nimewafukuza tangu utoto. Leo unanituma nimlishe?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu, kwa sababu wewe akikuzoea, hatamwogopa mtu mwingine yeyote." Akafikiri, akailaza bakora chini, akainama kwa shida akiwa amejishika kiuno. Baadaye niligundua kwamba huwa anaweka kipande cha chapati mfukoni mwa koti kila asubuhi kabla ya kufungua lango. Simba akaanza kumngoja. Nami, niseme kweli, niliona wivu, na wivu ule ulinionyesha kwamba kazi inakwenda vizuri.

Si kila jirani aliyetaka kumgusa, na sikuona kosa. Jirani wa mlango wa pili alizaliwa Lamu, na kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilimwendea kabla mbwa hajafika, nikamwambia nitakavyomfunga, saa ambazo hatakuwa uani, na kwamba hatakaribia kamba ya nguo zake wala kizingiti chake. Akanijibu neno ninalolikumbuka hadi leo: "Jirani, uhai wake siukatai. Nakataa mate yake tu." Wakati wa jua kali ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka karai la maji karibu na lango. Akanikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Watu hupenda kutuchora kama pande mbili, wapenda mbwa na wasiowapenda. Mle uani mwetu hapakuwa na pande. Palikuwa na mtu mwenye mpaka wake na wajibu wake, na vyote viwili alivitimiza vizuri kuliko wengi wanaojiita wapenzi wa wanyama.

Wazazi wa watoto nao walikuwa na hofu yao, na hofu hiyo sikuidharau hata kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka, vilivyo vingi Asia na Afrika, na asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Niliwaonyesha kadi ya chanjo ya Simba, nikawaeleza lile ambalo kila nyumba inapaswa kulijua: mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, bila kungoja kuona mbwa atafanya nini. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huu ifikapo 2030, na njia yenyewe inajulikana: asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa mwaka baada ya mwaka, virusi hukosa pa kupita. Kuwatilia mbwa sumu hakufikishi huko. Wanaokufa nafasi yao hujazwa na wengine wasiochanjwa, na pengine aliyekufa ndiye aliyekuwa amechanjwa. Ndiyo maana naona kila mbwa mmoja aliyetolewa mtaani, akachanjwa na kufungwa kizazi, ni shughuli ya afya ya watu pia. Jike hubeba mimba siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Simba alifungwa kizazi alipopata nguvu, na nilishukuru kwamba hakuna watoto wengine wa tumbo lile watakaokwenda kujifunza mawe.

Mimi mwenyewe nimewahi kulelewa kwa muda, kama Simba. Mama alipokwenda chuo cha ualimu, nilipelekwa kwa shangazi, Voi. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba baada ya muda nilianza kumwita mama. Hakunikubalia. "Mimi ni shangazi yako," alisema, "mama yako yuko chuoni, na atarudi." Kila Jumapili alinikalisha mezani nimwandikie barua, hata nilipokuwa sijui kuandika zaidi ya jina langu. Alinifundisha kula kile ambacho mama hupika, si kile tu nilichokipenda kwake. Utotoni niliona ni ukali. Nilidhani hanitaki. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mwanamke yule, ambaye hakuwa na mtoto, angeweza kunifanya wake kwa urahisi kabisa, angenyamaza tu nilipomwita mama. Kila barua ya Jumapili ilikuwa ni yeye anajiondoa kidogo, kwa hiari yake, ili siku mama akija nisimwone mgeni. Nilipokuwa nikimpigia mzee wa bakora makofi kwa sababu Simba amelala miguuni pake, nilikuwa nikirudia nilichofanyiwa.

Kumpatia mbwa wa kienyeji nyumba si rahisi. Watu hupiga simu, swali la kwanza ni aina. Ukisema ni wa kawaida, wa kwetu, sauti inapoa. Wanataka Jamani shepadi, au angalau chotara wake. Tumezoea kuwaona hawa wa kwetu kama mabaki ya mbwa wa Kizungu walioharibika, na hilo si kweli. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Wa Misri na Uganda walionekana kuwa karibu wote wa ukoo wa kienyeji, si machotara wa mbwa wa kigeni. Ni mbwa waliochongwa na nchi hizi, na jua lake na magonjwa yake, kwa vizazi visivyohesabika. Nilimweleza hivyo bwana mmoja aliyekuja kumtazama. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema mpango wake: kibandani mchana kutwa, langoni usiku, na bango la MBWA KALI tayari ameshalipachika. Kituo kilimkatalia. Mbwa aliyechukua muda wote ule kujifunza kuwaamini watu hakustahili kufungiwa mbali na watu hao.

Waliomchukua ni mume na mke, walimu wastaafu wa Tigoni, huko kwenye majani ya chai. Kituo kilikwenda kukagua ua, kikauliza nani hushinda nyumbani na mbwa atalala wapi. Wao walikuja kwangu mara kadhaa kabla ya kumchukua, na hilo pekee liliniambia mengi. Mara ya kwanza yule mwalimu mzee aliketi chini kwenye nyasi bila kuambiwa, akageukia upande mwingine, akaanza kuzungumza na mkewe habari za kahawa na wajukuu. Simba alizunguka, akanusa kiatu, akaondoka, akarudi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wakati wa kuagana mama aliinama kuokota mkoba wake, na mimi nikashika pumzi. Simba alitikisa mkia.

Siku ya kuondoka niliwapa blanketi lake bila kulifua, ili harufu anayoijua iende naye, na karatasi yenye saa zake za kula, dawa ya minyoo, onyo la kitunguu. Aliingia garini mwenyewe. Nililia, tena sana, na sioni haya. Lakini uchungu ule haukunishawishi kwamba kuna kosa limetendeka. Tunapenda kuyachukulia machozi kama ushahidi, kwamba kinachouma lazima kiwe kimekwenda vibaya. Mengi yaliyo sawa kabisa huuma: mtoto kwenda bweni, binti kuolewa, mgonjwa uliyemuuguza kurudi kwao akitembea. Wanaoniuliza nitawezaje kumtoa siku hizi nawajibu kwamba naanza kumtoa siku anayofika, kwa saa ya chakula, kwa mkono wa jirani, kwa mzee wa bakora, mpaka siku ya gari inakuwa hatua moja kati ya nyingi.

Walimpa jina jingine. Walinipigia simu mara moja, mvua ya Aprili ilipokuwa ikipiga mabati na yeye amejificha chini ya kitanda. Nikawaambia wasimvute, waweke blanketi kule kule alipo na waendelee na shughuli zao. Walifanya hivyo. Kesho yake walinitumia ujumbe kwamba ametoka saa ya chakula.

Nilimsimulia shangazi habari hizi kwa simu, toka mwanzo mpaka mwisho. Sasa ni mzee, husikia vizuri kwa sikio moja tu, na mbwa hajawahi kufuga. Alinyamaza kidogo, nikadhani laini imekatika.

"Na huko alikokwenda, mwanangu, anakula?"

"Anakula, shangazi."

"Na ana wenzake wa kushinda nao?"

"Anao. Wawili, na wajukuu wakija likizo."

"Basi ulimlea," akasema, kisha akaniuliza maharagwe ya Nairobi yamefika bei gani, kwa maana Voi mvua haijanyesha.